Aliyesema Nakuja

Leon Lamouelle alikutwa ameketi kwenye kiti cha dereva, mikono mapajani, kofia imemfunika masikio, kama mtu anayengoja zamu yake zahanati. Alikuwa amekufa tangu usiku; mkewe alidhani amelala kambi ya kusini, kama alivyozoea. Pikapu yake ilisimama kilometa ya thelathini na moja ya barabara ya barafu, ukihesabu kutoka kusini, katikati ya Ziwa Kunguru, na barafu chini yake ilikuwa nene kiasi cha kubeba nyumba.

Aliyemkuta ni dereva wa greda, saa mbili asubuhi ya Alhamisi, alipotoka kijijini Mdomo wa Mto kuja kukwangua theluji iliyoanguka usiku. Alifungua mlango, akaufunga, akavua kofia. Kisha akaita polisi kwa redio.

Sajini Verna Betsina wa upelelezi alifika saa sita mchana akitokea kambi ya malori upande wa kusini. Aliendesha polepole, dirisha wazi, mkanda haujafungwa, kama anavyoendesha kila mwenye akili juu ya barafu, ili ikivunjika aruke nje. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na mbili, mfupi, mwenye magoti mabovu na subira ya mvuvi. Baridi ilikuwa nyuzi arobaini na moja chini ya sufuri. Jana yake ilikuwa hivyohivyo.

Alikagua mwili kwanza. Hakuna jeraha, hakuna damu, hakuna dalili ya purukushani. Akakagua gari. Maji kidogo yaliingia kwenye dizeli, yakaganda ndani ya mrija, injini ikakata roho. Injini ikizimika, joto hutoweka. Betri nayo haikudumu, na betri ikifa redio inakufa.

"Baridi tu," daktari wa polisi alimwambia kwenye simu ya setilaiti. "Mchunguzi wa vifo anataka kuandika ajali, uzembe wa marehemu mwenyewe. Tufunge faili?"

"Uzembe gani?"

"Kibanda cha dharura kiko kilometa nne tu kutoka hapo, kina jiko na kuni. Hakwenda. Tairi la spea analo, kiberiti anacho. Hakuchoma. Mtoto wa darasa la tatu huko kwenu anajua ukikwama ziwani unachoma tairi, moshi uonekane."

"Ndiyo," Verna alisema. "Ndiyo maana sifungi."

Alizunguka nyuma ya pikapu. Spana ilikuwa inaning'inia kwenye nati ya tairi la spea, imezungushwa mizunguko miwili, basi. Sakafuni mwa gari kulikuwa na njiti sita za kiberiti, zote zimevunjika bila kuwaka. Mikono iliyovunja njiti zile ilikuwa imeshakufa ganzi. Kwa hiyo Leon alitaka kuchoma tairi, ila alianza akiwa amechelewa mno. Saa zote za kwanza, alipokuwa na nguvu zake na mwanga wa kutosha, alikaa tu.

Juu ya dashibodi palikuwa na themosi na vikombe viwili vya bati. Kimoja kilikuwa kimenywewa, kina barafu nyembamba ya chai chini yake. Cha pili kilikuwa kikavu kabisa. Ndani yake mlikuwa na vipande vinne vya sukari, vimepangwa vizuri, vinangoja chai.

Verna alivitazama kwa muda mrefu. Kisha akapiga picha, akavifunga kwenye mfuko wa ushahidi, akaandika namba.

*

Nyumbani kwa marehemu wanawake walikuwa wamejaa jikoni, wanakaanga mkate na kupika supu ya samaki. Alphonsine, mjane, alikuwa ameketi peke yake sebuleni, karibu na jiko la kuni, hakulia. Alipomwona Verna, mtoto wa kijiji hicho, alimkagua kuanzia viatu hadi kofia.

"Umenenepa."

"Ndiyo, shangazi."

"Vizuri. Kaa, ule kwanza. Polisi akiwa na njaa huandika upuuzi."

Verna alikula. Alphonsine alingoja mpaka bakuli likaisha, ndipo akasema lililokuwa moyoni.

"Nasikia wanataka kuandika kwamba Leon alikufa kwa uzembe."

"Nani kakuambia?"

"Verna, mimi ni mzee, si kiziwi. Huko dukani wanasema alikuwa amelewa. Wengine wanasema akili ilianza kumtoka. Mume wangu amepima barafu ya barabara hii miaka ishirini na sita. Nusu ya madereva wa kijiji hiki ni yeye aliyewafundisha namna ya kukaa hai humo. Akaenda kufa kama mgeni aliyeshuka kwenye ndege jana?" Sauti yake ilitetemeka kwa hasira. "Makaburini wameshawasha moto wa kuyeyusha ardhi, wachimbe. Nimewaambia wauzime. Simziki na jina hilo. Niambie kwanza kwa nini hakuchoma tairi, ndipo nimzike."

"Nitakuambia."

"Lini?"

"Nikijua. Shangazi, kwenye gari kulikuwa na vikombe viwili."

"Kimoja chake, kingine cha mgeni. Kila mtu ana kikombe cha mgeni."

"Yeye alikuwa anaweka sukari?"

"Tangu daktari amkataze, miaka minane, hata kulamba. Sukari ile anaibeba kwa ajili ya watu."

"Huwa anaiweka kikombeni kabla mtu hajafika?"

Alphonsine alifikiri. "Akiwa anajua nani anakuja," alisema. "Na akiwa amefurahi kwamba anakuja."

Jikoni mtu aliangusha sufuria, wengine wakamzomea kwa upole.

"Basi kuna mtu alimwambia anakuja," Alphonsine alisema.

"Ndivyo ninavyofikiri."

"Na hakuja."

"Hakuja."

Mjane yule alikunja ngumi zake mbili ndogo juu ya magoti. "Nitafutie mtu huyo," alisema.

*

Ijumaa asubuhi lori la mafuta liliingia kijijini, na kabla halijafika kwenye matangi lilizingirwa. Wanaume wapatao kumi walisimama mbele yake, mikono mifukoni. Dereva wake, Dale Kowalchuk, mtu wa kusini mwenye ndevu nyekundu na tumbo la heshima, alijifungia ndani.

"Huyo ndiye aliyempita!" mmoja alimpigia Verna kelele. "Jumatano alikuwa ziwani. Alimpita Leon kama gogo!"

"Kama alimpita nitawaambia. Sasa hivi mniachie njia, magoti yangu yanauma."

Wakacheka bila kutaka, wakasogea. Verna alipanda ndani ya lori, akafunga mlango.

"Mimi sikumpita mtu!" Dale alianza. "Nina miaka kumi na moja kwenye barabara hizi. Hata kama ni shetani mwenyewe amekwama, nasimama."

"Nijibu ninachouliza tu. Jumatano ulitoka hapa saa ngapi?"

"Saa nane mchana. Tangi tupu, naelekea kusini."

"Ulimwona Leon?"

"Kilometa ya thelathini na nane. Alikuwa anatoboa barafu kwa keekee yake. Nikampigia honi, akanipungia mkono. Mzima kabisa."

"Nyuma yako kulikuwa na gari?"

"Sikuona."

"Ulikutana na gari lolote linalokuja kaskazini?"

"Hata moja. Mpaka nafika kambini."

"Redio yako ilikuwa wazi?"

"Muda wote. Ndiyo sheria."

"Ulisikia nini?"

Dale alijikuna ndevu. "Saa kumi hivi, nikiwa kilometa ya nane. Sauti yake Leon, akizungumza kwa lugha yenu. Sikuelewa. Mwanamume mwingine akamjibu, kwa lugha hiyohiyo."

"Kijana au mzee?"

"Mzee. Sauti nzito, ina kikohozi."

"Walikuwa wanagombana?"

"Wala. Leon alicheka. Mtu aliyekwama hacheki, ndivyo nilivyojiambia. Nikadhani wanapiga soga tu." Alimgeukia Verna, uso umemsawijika. "Alikuwa anaomba msaada, siyo?"

"Ndiyo."

"Na mimi nikawasha muziki," Dale alisema, akaegemeza paji la uso kwenye usukani.

Verna aliteremka. Aliwaambia wanaume wale kwamba dereva hana kosa na kwamba mafuta hayajiteremshi yenyewe. Walisita, kisha mmoja wao akaenda kuchukua mpira wa kuteremshia.

*

Palikuwa na mambo mawili ya kuanzia. Redio za magari hufika mbali sana juu ya ziwa, ila kijijini hazifiki, maana kilima kinazuia. Kwa hiyo mzee aliyejibu alikuwa juu ya barafu, si sebuleni kwake. Pili, Dale hakukutana na mtu. Basi mzee huyo alitokea kijijini, akashuka ziwani nyuma ya lori, akafika mahali fulani, akageuza.

Na pikapu haigeuzwi popote. Greda imejenga kingo za theluji zinazofika kifuani pande zote mbili. Kati ya kijiji na mahali alipofia Leon kuna sehemu tatu tu pana za kugeuzia: kilometa ya hamsini, ya arobaini na nne, na ya thelathini na nane.

Verna alichukua ufagio.

Theluji ya Jumatano ilianza kuanguka saa mbili usiku, laini na kavu kama unga. Theluji iliyokandamizwa na tairi kabla ya hapo ilikuwa imekuwa ngumu kama jiwe. Greda ilikwangua barabarani tu, pembeni haikugusa. Mtu mwenye subira na ufagio angeweza kuufunua mchana wa Jumatano kama anayefunua kitanda.

Kilometa ya hamsini hakukuta kitu. Alirudi garini, akapasha mikono moto, akaendelea.

Kilometa ya arobaini na nne wenyeji hupaita Kooni, kwa sababu ziwa hubanwa kati ya visiwa viwili na chini yake mkondo haulali. Hapo, ukingoni mwa kisiwa cha kushoto, kuna msalaba mdogo wa mbao. Verna alifagia kwa nusu saa, magoti yakimlilia. Alama zikajitokeza: gari moja liliingia kutoka kaskazini, likasimama, likageuka, likarudi kaskazini. Liliposimama, theluji chini ya injini iliyeyuka ikaganda tena, kipande kikubwa kama meza. Halikusimama dakika tano. Lilikaa muda mrefu, injini inaunguruma. Alama za matairi ya nyuma hazikufanana. Kulia jipya, kushoto kipara.

Alipiga picha, akapima kwa futi. Kisha akaenda kwenye msalaba, akapuliza theluji mpya kwa mdomo. Chini yake palikuwa na tumbaku, kiasi cha kushikwa kwa vidole viwili, rangi bado ya kahawia iliyoiva. Jumanne upepo ulivuma siku nzima, tumbaku ya siku hiyo isingesalia hata chembe. Hii iliwekwa Jumatano, kabla ya saa mbili usiku.

Watu wote wa Mdomo wa Mto hulipa ziwa tumbaku wanaposhuka kwenye barafu, pale ufukweni. Hakuna anayesahau, hata wasioamini. Lakini hapa msalabani hutoa watu wa nyumba moja tu. Msalaba ulikuwa wa Clifford Rabesca, aliyezama na lori la chakula mwezi wa tatu mwaka jana. Na baba yake Clifford alikuwa mzee mwenye sauti nzito yenye kikohozi.

Verna alitamani sana awe amekosea. Narcisse Rabesca na Leon Lamouelle waliwinda pamoja miaka thelathini, hema moja, sufuria moja. Watu walikuwa wakiwatania kwamba wake zao ni wageni tu.

*

Alikwenda kwake Jumamosi asubuhi. Narcisse alikuwa peke yake. Mkewe alikuwa kwa Alphonsine, anasaidia kupikia wafiwa. Pikapu ilikuwa nje, na Verna aliinama kutazama matairi yake kabla hajabisha mlango.

"Karibu, binti. Umekuja kuuliza habari za Leon."

"Ndiyo, mjomba."

"Unauliza kila mtu?"

"Kati ya rafiki zake, nimeanza na wewe."

"Heshima kubwa hiyo," Narcisse alisema, akakohoa. Alimimina chai vikombe viwili, akamsogezea kimoja. Kisha akafungua kopo la sukari, akajitilia. Kipande cha kwanza, cha pili, cha tatu, cha nne. Akakoroga.

Verna hakugusa chai yake. "Mjomba, lazima nikuambie. Una haki ya kunyamaza. Una haki ya wakili. Utakayosema nitayaandika."

"Andika."

"Jumatano ulikuwa wapi?"

"Kwenye mitego. Magharibi, nchi kavu."

"Kwa pikapu?"

"Kwani umezaliwa mjini? Nani anakwenda mitegoni kwa pikapu? Kwa pikipiki ya theluji."

"Pikapu ilikuwa wapi?"

"Hapo nje. Imelala wiki nzima."

"Wiki nzima?"

"Si nimeshasema?"

"Tairi lako la nyuma la kulia ni jipya."

"La zamani lilipasuka."

"Na la kushoto ni kipara."

"Kama mimi. Bado linajitahidi."

Verna aliweka picha tatu mezani, moja baada ya nyingine. Alama za matairi. Kipande cha barafu chini ya injini. Tumbaku chini ya msalaba.

Narcisse hakuzitazama mbili za kwanza. Aliitazama ya tatu, akaigusa pembeni kwa kidole.

"Uliifunika tena?" aliuliza.

"Niliifunika."

"Asante."

Saa ya ukutani ilikuwa inapiga, na Verna aliiacha ipige. Aliwahi kuona watu wengi wakifika kwenye ukingo ule, na alijua hawasukumwi.

"Nilikuwa nakwenda kutazama nyavu zangu," Narcisse alisema. "Nimeshuka ziwani tu, nimepita hamsini, nikasikia redio. Anasema, 'Nani yuko ziwani? Nimezimika thelathini na moja.' Nikasema, 'Mimi.' Akanyamaza. Akasema, 'Narcisse?' Nikasema, 'Mimi.' Miezi kumi na moja hatujasemezana, Verna. Akacheka. Akasema, 'Afadhali ni wewe.'"

"Wewe ukasema nini?"

"Nikasema, 'Nakuja. Usitoke garini.'"

"Ulisema asitoke garini?"

"Nilisema. Kulikuwa na baridi, na kibanda ni kilometa nne, na mguu wake wa kushoto si mzuri. Nilikuwa nakwenda kweli! Usiandike kwamba nilimdanganya. Niliposema nakuja, nilikuwa nakuja."

"Naandika hivyo. Kisha?"

"Nikafika Kooni. Kila nikipita hapo nasimama, natia tumbaku. Siku hiyo pia nilisimama, nitie niende. Ndiyo tu. Nikatia, nikarudi garini, nikashika gia." Aliutazama mkono wake wa kulia. "Sikuweza kuiingiza."

"Kwa nini?"

Hapo mzee alikasirika, na hasira yake ilikuwa ya zamani, imekaa ndani mpaka imechacha.

"Kwa nini? Clifford alipita Kooni akitazama kibao cha Leon! Sentimita mia na kumi za barafu, kimeandikwa kwa mkono wake. Wapiga mbizi walipotoa mwili walipima barafu. Sitini! Tume ikaja, ikakaa siku mbili, ikala samaki wetu, ikasema mkondo uliila barafu usiku ule. Mkondo gani huo? Mimi nimezaliwa hapa. Mkondo hauli sentimita hamsini kwa usiku mmoja. Leon anajua. Ningoje nini kwake? Sikutaka afungwe. Nilitaka aje aseme. Nyumba yake iko hatua mia mbili kutoka hapa. Miezi kumi na moja, hatua mia mbili!"

Alikohoa kwa muda. Verna alimsubiri.

"Basi nikakaa pale Kooni," Narcisse aliendelea kwa sauti ya chini. "Nikasema moyoni, ngoja kidogo na wewe. Ujue kungoja kulivyo. Nusu saa, nikawaza. Kisha nitakwenda. Nusu saa ikapita. Nikawaza, sasa nikifika ataniuliza nilikuwa wapi, na mimi sijui kumdanganya. Giza likaingia. Nikajiambia yule wa lori la mafuta atamwona. Nilijua lori limeshapita. Nikajiambia hivyohivyo. Nikageuza."

"Hukumwambia mtu kijijini?"

"Nimwambie nini? Kwamba nilimwacha? Nililala na nguo zangu. Kila saa nilikuwa nainuka niende, na kila saa ilikuwa ngumu kuliko ile iliyopita."

Ahadi ni deni, wasemavyo wahenga, na sheria ya nchi ile nayo husema hivyohivyo kwa maneno marefu zaidi: ukisema unakwenda kumwokoa mtu, naye akaacha kujiokoa kwa sababu yako, maisha yake yako mkononi mwako. Verna alimweleza hivyo, polepole, akitumia maneno aliyoyazoea mzee. Alimwambia anamkamata kwa kusababisha kifo kwa kutotimiza wajibu.

"Sawa," Narcisse alisema.

"Kuna jambo lingine, mjomba. Silazimiki kukuambia."

"Niambie."

"Leon hakuchoma tairi kwa sababu alikuwa anakungoja. Alitoa vikombe viwili. Chako alikitilia sukari, vipande vinne. Nimevikuta."

Narcisse alikiangalia kikombe kilichokuwa mbele yake. Alikisukuma taratibu mpaka kikafika katikati ya meza, mbali na mkono wake. Kisha akafunika uso kwa viganja, na mabega yake mapana yakaanza kutikisika. Verna aliinuka, akasimama dirishani akimpa mgongo, maana hakuna afisa anayelazimika kutazama kila kitu.

*

Jioni ile alikwenda kwa Alphonsine akamwambia yote. Mjane alisikiliza bila kumkatiza. Mwishoni aliuliza swali moja.

"Utaandika kwamba hakuwa mzembe?"

"Nimeshaandika. Na mchunguzi wa vifo amekubali."

Alphonsine alimwita mpwa wake na kumwambia wakawashe tena moto makaburini.

Jumapili asubuhi Verna alimpakia Narcisse kwenye gari la polisi, ampeleke kusini mbele ya hakimu. Hakumfunga pingu. Pale barabara inapoiacha nchi kavu na kushuka kwenye barafu, Alphonsine alikuwa amesimama katikati ya njia, kitambaa cheusi kichwani, mvuke ukimtoka mdomoni.

Verna alisimamisha gari. Alphonsine alikuja upande wa Narcisse, akagonga kioo. Narcisse alikishusha.

"Sijaja kukusamehe," alisema.

"Najua."

"Nimeleta neno. Si langu, ni la Leon. Lilikuwa lako, limebaki nyumbani kwangu, na mimi sitaki kukaa nalo." Alivuta pumzi. "Siku ile ya Clifford hakutoboa Kooni. Keekee ilivunjika meno kilometa ya arobaini na saba. Alikuwa na baridi, alikuwa amechoka, akaandika namba ya wiki iliyopita. Aliniambia usiku wa mazishi ya Clifford. Alilia kama mtoto."

Narcisse alitikisa kichwa polepole, akikubali jambo alilolijua siku nyingi.

"Mara tatu alivaa viatu aje kwako," Alphonsine alisema. "Mara tatu alifika kwenye lundo lako la kuni, akasimama, akarudi. Mimi nilimcheka. Nilimwambia, mwanamume mzima unaogopa mlango. Mungu anisamehe."

"Nilimwona," Narcisse alisema.

"Ulimwona?"

"Mara zote tatu. Nilikuwa dirishani."

Alphonsine aliushika mlango wa gari kwa mikono miwili. Kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi macho yake yalijaa machozi.

"Ulimwona amesimama nje kwenye baridi? Sasa kwa nini hukumfungulia, Narcisse?"

Mzee aliitazama mikono ya mjane mlangoni.

"Nilikuwa nangoja apige hodi," alisema.

Alphonsine aliuachia mlango. Alisogea pembeni ya njia, na Verna akatia gia, wakashuka ziwani.